Nimekandwa hadi nimechoka, mguu bado unawaka

Dada Fizio, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, nauza mitumba katika soko la Kibuye. Nguo za watoto ndizo zangu, na siku yangu kubwa ni Jumapili kama wenzangu wote wa pale.

Huu ni mwezi wa 14 naumwa. Ilianza siku niliyosaidiana na kijana wa mkokoteni kushusha beli ya nguo. Beli ya kilo 45 si kitu kigeni kwangu, nimeanza kuzishika tangu nikiwa msichana, lakini siku hiyo nilisikia kama uzi umekatika kiunoni. Sikuanguka. Nilifungua beli, nikauza, nikarudi nyumbani Manyatta kwa miguu. Asubuhi yake sikuweza kuinama nivae viatu.

Mgongo wenyewe ulitulia baada ya wiki mbili hivi. Kilichobaki ni mguu wa kushoto. Maumivu yanaanzia takoni, yanapita nyuma ya paja, nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu, hadi ukingo wa nje wa unyayo na kile kidole cha mwisho. Wakati mwingine ni kama nimeguswa na waya wa stima. Wakati mwingine ni ganzi tu, kama siafu wanatembea. Nikipiga chafya naruka. Nikipanda matatu hadi Ahero nashuka nikichechemea. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na beli mimi huifungua saa kumi na mbili.

Nimehangaika. Kwenye duka la dawa nilichomwa sindano za diklofenaki hadi nikapoteza hesabu. Baadaye nikapewa vidonge vya pregabalini, vikanilevya hadi nikamrudishia chenji ya elfu moja mtu aliyenipa mia tano. Mama mkwe, ambaye ananipenda na sitaki kumkosea, alinipeleka kwa mama mmoja anayekanda. Yule mama akasema mfupa umetoka mahali pake. Alinikanda kwa mafuta ya moto, akanivuta mguu, na mara ya tatu akamwambia mjukuu wake apande anitembee mgongoni. Nikitoka kwake huwa mwepesi, naimba njiani. Kesho yake jioni yamerudi. Nimeenda mara tisa.

Kisha nikapigwa picha ya MRI, pesa ya beli nzima na zaidi. Ripoti inasema diski ya mwisho ya kiuno imetokeza na inagusa mshipa. Daktari aliyenisomea aliniambia nisiiname tena wala nisibebe kitu, akaniandikia fizio, ile tiba ya mazoezi. Nikaenda mara nne. Kijana wa pale alinipa zoezi la kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono. Nikafanya siku tano. Sitadanganya, mguu ulipungua, hata kile kidole kiliacha kuwaka, lakini mgongo uliokuwa umenyamaza mwaka mzima ukaanza kuuma kwelikweli. Nikaogopa kwamba najivunja, nikaacha. Wiki moja baadaye mguu ulikuwa kama zamani.

Jirani yangu sokoni anasema kuna mtu amefukia kitu pale ninapotandaza nguo. Mume wangu anasema nipasuliwe tumalize. Mimi naogopa kisu. Nirudi kwa yule mama anayekanda, maana angalau nikitoka kwake napata usingizi? Na je, nitawahi kubeba beli tena?

Mama Mitumba, Kisumu

*

Mama Mitumba, pole. Miezi 14 ni mingi, na kuumwa mguu ukiwa umesimama juani Kibuye si sawa na kuumwa ukiwa umekaa ofisini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna mahali uliandika haraka ukapita, nami ndipo nilipoweka miwani vizuri. Ulisema kwamba kwa siku zile tano kidole kiliacha kuwaka, mguu ukapungua, mgongo ukaanza kuuma, nawe ukaacha. Dadangu, uliitupa dawa siku ileile ilipoanza kushika.

Maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni hayapimwi kwa ukali peke yake. Kwanza hupimwa kwa mahali yanapoishia. Mshipa hubanwa juu lakini kilio husikika chini, kama vile mtu akikanyaga mpira wa maji karibu na bomba, anayelalamika ni yule aliye kule mwisho akinyunyizia sukuma wiki. Kadiri mshipa unavyochokozwa, ndivyo maumivu yanavyoshuka: tako, paja, shavu la mguu, unyayo, kidole. Ukianza kuachiliwa, hurudi kwa njia ileile. Huhama kidoleni, hupanda juu ya goti, na mwishowe hujikusanya kiunoni. Yakijikusanya hapo, kiuno kinaweza kuuma kwa siku kadhaa kuliko kilivyokuwa kikiuma awali. Sisi tunaofanya kazi hii tukiona hivyo hufurahi, kwa sababu watu ambao maumivu yao hurudi juu kwa kawaida hupona vizuri kuliko wale ambao yao hayasogei. Ungeniambia kwamba mgongo umepoa lakini unyayo umezidi kuwaka, hapo ningekuambia simama.

Jambo hili lilianza kueleweka kwa bahati tu. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtu wa fizio aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa aliyeumwa mguu aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Hakujua kwamba kitanda kilikuwa kimeachwa upande wa kichwa ukiwa umeinuliwa. Mgonjwa akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kinyumenyume, mkao ambao siku hizo ulihesabiwa kuwa hatari. McKenzie aliporudi alishtuka. Mgonjwa akamwambia maumivu ya mguu yameondoka. Zoezi ulilopewa na kijana wa fizio ni mjukuu wa kitanda kile. Kosa la kijana huyo ni moja, na ni kosa letu wengi: hakukuonya kwamba mgongo ungeuma kabla ya kupoa.

Kabla sijaendelea, haya hayangoji gazeti. Ukishindwa kukojoa au mkojo ukitoka bila wewe kujua, haja kubwa ikikuponyoka, ukipata ganzi katikati ya mapaja na sehemu zote unazokalia tandiko la baiskeli, miguu yote miwili ikianza kudhoofika, au unyayo ukianza kuburuta kwa siku chache tu, usifanye zoezi, usikandwe. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mshipa ukibanwa namna hiyo unahesabiwa kwa saa. Kuna na kundi la pili, la watu wanaokonda bila sababu, wanaolowa jasho usiku, wenye homa, kikohozi kisichoisha, au waliowahi kuugua saratani. Kwetu huku kifua kikuu huingia hadi kwenye uti wa mgongo, na nimewaona waliokandwa miezi mingi kumbe ni hicho. Katika barua yako sioni hata dalili moja ya hizi, ndiyo maana naandika kwa utulivu.

Sasa hiyo diski. Umeona tyubu ya baiskeli inavyochungulia pale tairi lilipochanika? Diski ya kiuno, ile inayokaa kati ya pingili mbili, ina ganda gumu nje na ute ndani. Ganda likichoka, ute husukuma na kutokeza kwa nyuma, mahali ambapo mizizi ya mshipa mkubwa wa mguu inapita. Katika kila watu 100 wenye diski ya kiuno iliyotokeza hivyo, zaidi ya 90 tatizo lao liko kwenye diski mbili za chini kabisa. Njia uliyoichora wewe, nyuma ya paja hadi ukingo wa nje wa unyayo na kidole cha mwisho, ni ya mzizi unaopita kwenye ile ya mwisho. Picha na mguu wako vinasema lugha moja. Ingekuwa diski ya juu yake, moto ungeelekea juu ya unyayo na kidole gumba.

Ila mfano wa tairi una mwisho wake, kwa sababu tairi halijiponyi. Sehemu ya diski iliyotoka mwili huitafuna polepole, na la ajabu ni kwamba vipande vikubwa mara nyingi hutafunwa vizuri kuliko vidogo. Wala usiitundike ile ripoti moyoni kama hukumu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Katika wenye miaka 40, nusu walikuwa na diski iliyotokeza. Wanatembea, wanacheka, hawajui.

Tuje kwa yule mama anayekanda. Mfupa haukutoka. Pingili ya kiuno ikitoka mahali pake kweli hutoki kwa mtu unaimba, unabebwa kwa machela. Lakini pia sitaki kumdharau, kwa sababu ule wepesi unaousikia ni wa kweli. Mshipa ukichokozwa, misuli ya kiuno na tako hujikaza kuulinda, na mikaze hiyo ina maumivu yake yenyewe. Mkono wa mtu mwenye joto na subira huilegeza, na mwili wote hushusha pumzi. Tunachofanya sisi hospitalini tunapobonyeza pingili taratibu au kusogeza nyonga kina faida kama hiyo, na mara nyingi na mwisho kama huo: saa chache, siku moja, mbili. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2016 unakubali tiba ya mikono kwa maumivu haya kwa sharti moja, iandamane na mazoezi. Ikiwa peke yake, haimo.

Kwa hiyo mama huyo amekufungulia mlango mara tisa, nawe mara tisa umeenda nyumbani kulala. Ule muda wa wepesi ndio muda wa kufanya zoezi. Ukitaka kukandwa, kandwa, kisha usiondoke kabla hujalala kifudifudi pale pale kwenye mkeka wake.

Masharti yangu ni haya. Akande misuli ya kiuno, tako na paja, polepole. Asikuvute mguu, kwa sababu mshipa uliobanwa hauna urefu wa ziada wa kuazima. Asikupinde hadi ulie ko! Mafuta yawe ya uvuguvugu tu. Mguu wenye ganzi huungua bila kupiga kelele, na hilo ni sawa kwa chupa ya maji moto na kwa jiko la makaa pia. Na yule mjukuu ashuke. Kilo za mtoto juu ya kisigino kimoja, katikati ya kiuno chenye diski iliyochanika, hizo si tiba. Kwa mama mkwe hakuna haja ya vita. Mwambie, “Mama, mtu wa fizio amesema yule mama aendelee, ila akande juu juu na asinivute.” Atasikia kwamba chaguo lake limeheshimiwa, nawe utakuwa salama.

Mazoezi yenyewe, kwa mpangilio ambao ningekufanyisha mimi. Tandika mkeka sakafuni, kwa kuwa godoro lililobonyea halifai. Lala kifudifudi dakika tatu bila kufanya lolote. Kisha egemea viwiko, kama mtoto anayetazama televisheni, dakika mbili. Kisha weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono taratibu, kifua kiinuke, lakini kiuno na mapaja yabaki chini yamelegea kama nguo iliyoloweshwa. Ukifika juu toa pumzi, shuka. Mara 10. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu mchana kutwa. Najua utasema sokoni hakuna pa kulala. Basi simama, weka viganja nyuma ya kiuno, jipinde kinyumenyume mara 10. Wateja watacheka siku mbili, ya tatu watakuuliza unawafundisha lini.

Hapo kwenye kurudia ndipo wengi tunapoharibu. Zoezi hili hufanywa kama kidonge cha vitamini, mara moja asubuhi, kisha mtu anainama saa nane mfululizo juu ya turubai. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini kuinama nako ni kamba, na inakata upande wake.

Kila usiku kabla ya kulala andika neno moja kwenye kalenda: kidole, au unyayo, au shavu, au goti, au paja, au tako, au kiuno. Usiandike yameuma kiasi gani. Andika yalipoishia. Neno likipanda wiki hadi wiki, endelea hata kama kiuno kinanung'unika. Likishuka siku mbili mfululizo, punguza idadi au rudi kwenye kulala tu, na umwone mtu wa fizio.

Maumivu yakishapanda juu ya goti, ongeza zoezi la kuutelezesha mshipa. Kaa kwenye ukingo wa kiti. Nyoosha goti la kushoto huku ukitazama juu, kisha likunje huku ukiinamisha kidevu. Upande mmoja mshipa unavutwa, upande wa pili unalegezwa, kwa hiyo unakwenda na kurudi kama uzi kwenye tundu la sindano bila kukazwa. Mara 10, mara mbili au tatu kwa siku, na usiache mguu umening'inia umenyooka. Kuna watu wanaopandisha mguu juu ya meza na kuuvuta hadi wanatetemeka, eti msuli wa paja umekaza. Si msuli huo, ni mshipa, na mshipa uliochokozwa huchukia kuvutwa kwa muda mrefu.

Kisha nguvu. Shika ukingo wa meza, simama kwa mguu wa kushoto pekee, nyanyua kisigino mara 10. Linganisha na kulia. Ule mzizi wako ndio unaoamuru shavu la mguu, kwa hiyo usishangae kushoto kukichoka kwenye ya nne au ya tano. Lifanye hilo kila siku. Ukikuta kisigino hakinyanyuki kabisa, au kinazidi kudhoofika wiki hadi wiki, hilo ni la kumwambia daktari mapema. Ongeza la kulala chali, magoti yamekunjwa, na kunyanyua makalio. Na utembee. Umesema ulirudi Manyatta kwa miguu siku ulipoumia; uendelee kwenda hivyo, kwa hatua za kawaida, badala ya boda. Kitanda hakiponyi ugonjwa huu. Mwaka 1999 Waholanzi waliwagawa wagonjwa 183, wengine walazwe wiki mbili, wengine waendelee na shughuli zao. Baada ya wiki 12, 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu, makundi yote mawili.

Neno kwa wasomaji wengine ambao tayari wameanza kutandika mikeka: hili la kujipinda nyuma si la kila mguu unaowaka. Mzee wa miaka 70 ambaye miguu inamfa ganzi akitembea, lakini akiinama kidogo kusukuma mkokoteni au akikaa anapata nafuu, njia ya mishipa yake imekuwa nyembamba, na kujipinda nyuma kutamzidishia. Wake ni mazoezi ya kuinama. Kwanza achunguzwe.

Narudi kwako, Mama Mitumba, kwa jambo ambalo nadhani limekuweka mgonjwa kuliko ile beli ya kwanza. Umesema asubuhi ndiyo mbaya, na saa kumi na mbili unafungua beli. Usiku tukilala, diski hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana kila mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyolala. Saa ya kwanza baada ya kuamka diski iko imejaa, imekaza, na ukiinama wakati huo unaisukuma nyuma kwa nguvu kuliko wakati wowote mwingine wa siku. Nawe saa hiyo ndiyo umepinda kiuno juu ya turubai unachambua fulana, wateja wa kwanza wamekuzunguka wanagombania zile nzuri. Ungepanga mwenyewe namna ya kuitesa diski usingepata njia bora.

Basi amka saa moja kabla ya kufungua, utembee, ulale kifudifudi. Kamba za beli akate kijana. Nguo zipande juu ya meza, hata ya mbao za kuazima, zifike usawa wa nyonga yako. Pasipo meza, piga goti moja chini, usipinde kiuno. Na nyumbani, nakuona unavyofua: beseni chini, miguu imenyooka, kichwa karibu na povu, nusu saa nzima. Sote tumelelewa hivyo. Liweke beseni juu ya kigoda kirefu au meza. Sufuria la ugali pia, jiko likiwa chini kaa kwenye kigoda mgongo ukiwa wima. Daktari alikuambia usiiname tena. Kwa wiki sita namuunga mkono. Kwa maisha yako yote, hapana. Mgongo usioinama kamwe hugeuka mti mkavu, na wenyewe tutaurudisha kuinama taratibu mguu ukishatulia.

Dawa nitazipita haraka. Diklofenaki ya kila mara huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, kwa hiyo sindano za dukani ziishe. Pregabalini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa siatika, yaani maumivu ya mshipa wa mguu kama yako, huko Australia, matokeo yakatoka 2017: haikushinda kidonge cha bandia, ila ilileta kizunguzungu zaidi. Chenji yako ni shahidi. Kama bado unaimeza usiikate ghafla, mwambie aliyekuandikia aipunguze.

Mume wako naye hajakosea kutaja upasuaji. Utafiti wa Uholanzi wa 2007 ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipona haraka, lakini mwaka ulipokwisha waliosubiri walikuwa wamewafikia. Wa Kanada wa 2020 uliwachukua watu walioumwa kati ya miezi minne na 12, na hapo waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi sita. Wewe umeshapita muda huo, sitaki kukuficha. Ila wewe una jambo ambalo wengi hawana: mguu wako umeshajibu zoezi kwa siku tano tu. Jipe wiki sita hadi nane kamili, kwa mpangilio, ukiwa na mtu wa fizio anayekuona japo mara moja kwa wiki. Hospitali za kaunti zina idara hiyo. Ukienda kwa mtu binafsi, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Ikifika wiki ya nane neno lako kwenye kalenda bado ni kidole, mwone daktari wa upasuaji wa uti bila kujiona umeshindwa.

Kilichofukiwa kibandani, chimbua. Utakuta vifungo na sarafu za zamani.

Na beli? Mguu ukishanyamaza mwezi mzima, anza na mtungi wa lita tano, ushike karibu na tumbo, magoti yamekunjwa. Wiki mbili hivyo, kisha lita 10. Kisha 20, taratibu. Ukifika hapo bila neno lako kushuka kwenye kalenda, utakuwa na mgongo wa kufanyia biashara. Beli ya kilo 45 ni ya watu wawili, hata kwa asiyeumwa, na kijana wa mkokoteni analipwa kwa hilo.

Niandikie baada ya wiki sita. Barua iwe fupi, neno la kalenda tu linanitosha.

Dada Fizio